Gundi ya B na Jino la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ya msimamizi wa chumba cha vipimo imetangazwa. Hatimaye! Mzee aliyekuwa nayo amestaafu, na kiti chake kimebaki wazi pale dirishani, kile chenye magurudumu. Nimekikalia wakati wenzangu wamekwenda kula. Kimenikaa kama nguo ya kupimwa.

Waombaji wawili tu. Mimi na Rula.

Rula ni fundi mwenzangu. Jina amelipata kwa sababu hatembei bila rula ya chuma mfukoni mwa koti lake jeupe. Hata mkate huupima kabla ya kuukata. Sina ubaya naye. Ila ana tabia moja isiyovumilika: hakosei.

Profesa, mkuu wetu, si mama wa maneno mengi. Ametuita, akatupa kila mmoja kichupa. Gundi mbili mpya za meno, zimetoka kwa mkemia wa ghorofani. Rula apime ya A, mimi ya B. Matokeo yawe tayari Ijumaa ya wiki ijayo, siku wageni wanapokuja kutukagua. Mwenye kazi safi ndiye atakayesimama mbele ya wageni, na ndiye atakayepewa nafasi.

Alisema "kazi safi". Nilimwelewa. Alimaanisha namba kubwa.

Maana kazi yetu mwishoni ni namba. Daktari wa meno anapoziba jino au kulivika kofia, kuna gundi inayoshika. Kabla gundi mpya haijaingia kinywani mwa mtu, inaletwa kwetu. Tunaipaka kwenye meno ya ng'ombe kutoka machinjioni, tunabandika juu yake kipande cha kizibo, kisha mashine inakivuta mpaka king'oke. Inatuambia ilitumia nguvu kiasi gani. Namba kubwa, gundi hodari. Namba ndogo, kichupa kinarudi ghorofani na mkemia hasalimii mtu wiki nzima.

Mpango: kesho niwahi kabla ya Rula, nichague meno mazuri. Meno ya ng'ombe kijana, meupe, magumu. Yaliyobaki nimwachie yeye. Mwenda mbio hujikwaa kidole, wanasema, lakini aliyelala hata kidole hakitoi nje.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Rula alikuwa amefika saa kumi na mbili.

Meno yote sitini ameshayaosha, ameyapa namba, na vikaratasi vya kura vimo ndani ya kopo. Akasema tuchague bila kuangalia, pasiwe na upendeleo. Nikamjibu kwamba hilo ndilo lililoniamsha mapema, kuja kulipendekeza.

Kura ikanipa meno ya ng'ombe walioona mengi duniani. Ya rangi ya chai. Moja lina ufa. Tukapiga na kura ya makabati ya joto. Rula akapata jipya. Mimi nikaangukiwa na lile kuukuu karibu na meza, linalonguruma kama mzee aliyekatizwa usingizi.

Nimefanya kazi, lakini! Kila jino limepandwa kwenye kikombe cha plastiki. Unalisugua kwa msasa mpaka uso wake uwe bapa. Asidi, sekunde kumi na tano. Unasuuza. Unapaka gundi, unavaa miwani ya rangi ya chungwa, unamulika kwa taa ya bluu mpaka igande. Mara thelathini. Mgongo sina.

Kisha yote ndani ya maji, na maji ndani ya kabati. Nyuzi thelathini na saba, siku saba, kama kinywani. Hapo ndipo penye mtihani. Gundi yoyote hushika siku ya kwanza, kama bwana harusi. Joto na maji ya siku nyingi ndivyo vinavyoitoa tabia yake.

Saa nne Profesa akatuma ujumbe: waombaji wapigwe picha ya ubao wa matangazo, sasa hivi. Shati langu jipya nilikuwa nimelikunja mfukoni ili lisichafuke. Lilitoka limejikunja kama uso wa mtoto anayelia. Nikakimbilia pasi ya makoti. Soketi nzima ni moja, ile ya kabati langu. Nikachomoa plagi dakika tano tu, nikapiga pasi kola na kifua. Mgongo hauonekani pichani.

Picha imetoka vizuri. Katika yake, Rula ametoka kama anatafuta kosa kwenye kamera.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amewasili. Atakaa siku kumi. Kaja na vikapu vitatu na leso moja iliyofungwa fundo. Baada ya salamu, hata chai hajanywa, akafungua fundo. Ndani mna jino. Yaani kofia ya jino, la mbele, juu. Lilimtoka kwenye mkutano wa kikundi chao akiwa katikati ya hotuba.

Akaniambia hakutaka kwenda kwa daktari yeyote wa huko kwao. Angekwendaje kwa mtu baki, na daktari ni mkwe wake mwenyewe?

Hapa lazima niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika. Mama mkwe anaamini mimi ni daktari wa meno. Sikumdanganya. Siku ya posa, miaka tisa iliyopita, mjomba wangu aliulizwa kijana anafanya kazi gani. Akajibu, anashughulika na meno. Mama akatabasamu, vigelegele vikapigwa. Nani angenyanyua mkono katikati ya vigelegele kueleza habari za ng'ombe?

Tangu hapo nimekuwa "mkwe wangu daktari". Mke wangu anaujua ukweli, na kila mwaka huniuliza nitausema lini. Kila mwaka namwambia: muda ukifika.

Leo usiku kaniuliza tena, kwa macho tu. Nikamwambia mama kwamba jino hilo ni kazi ndogo. Jumamosi.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu alisema tumpeleke kliniki, ile iliyo chini ya maabara yetu, kwa daktari wa kweli. Nikamweleza kwamba mtu akimpeleka mama mkwe wake kliniki anayodhaniwa kufanya kazi, na huko akasalimiwa kama fundi, ndoa huyumba. Akasema ndoa yetu haiyumbi, ninayeyumba ni mimi. Mwishoni akakubali kushika tochi kwa sharti moja: kabla mama hajaondoka, nimwambie ukweli. Nikakubali. Neno "sawa" halichubui ulimi.

Vifaa niliviazima jana kazini. Taa ya bluu, asidi tone moja, na gundi. Gundi ipi? Ile ya zamani iliyokwisha kuthibitishwa ilikuwa kwenye kabati la Rula, na Rula huandika kila tone. Nikachukua B. Ni yangu. Naiamini.

Sikuwahi kufikiri ningemshika mama mkwe taya. Mkwe ni mtu wa kusalimiwa kwa adabu, umeinamisha macho. Leo alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, shingo nyuma, mdomo wazi, na mimi nimemwinamia nimevaa miwani ya rangi ya chungwa kama bundi. Ng'ombe hakuangalii unapofanya kazi.

Akasema kitu. Nikadhani anaumia. Kumbe anamwambia bintiye kwamba kucha zangu ni safi, dalili ya daktari mzuri.

Sekunde ishirini za mwanga wa bluu. Nikamwambia aume taratibu. Jino limekaa wima, limenyooka, jeupe. Mama akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniombea dua ndefu. Mimi nikaitikia amina huku naangalia sakafu.

Jambo moja limenigusa. Alisema tangu jino litoke hajacheka mbele za watu. Wiki tatu. Leo jioni kacheka mpaka majirani wamesikia.

Jumatatu, 10 Machi

Msiba.

Nimefika kazini, nimefungua kabati langu kuangalia sampuli. Nikatia kidole ndani ya maji. Baridi. Nikainama. Plagi iko sakafuni, pale pale nilipoiacha siku ya pasi.

Siku sita! Meno yangu yamelala kwenye maji ya kisima wakati ya Rula yanachemka polepole kama mtu mwenye homa. Kila siku nilitakiwa kusoma joto na kuliandika kwenye karatasi. Sikusoma. Nilikuwa na mgeni nyumbani, na kuna mambo ya kiti.

Njia zilikuwa mbili. Kwenda kwa Profesa, kusema, kuanza upya. Ijumaa nitakuwa sina namba, na Rula atasimama mbele ya wageni. Ama kuchomeka plagi.

Nimechomeka plagi. Mpaka kesho maji yatakuwa na joto lake. Maji ni maji. Hata kinywani si kila siku kuna joto. Mtu hunywa maji ya friji.

Karatasi ya joto nimeijaza. 37, 37, 37. Siku mbili nimeandika 36.8 ili ionekane na uhai. Nimetumia kalamu mbili tofauti.

Jumanne, 11 Machi

Ushindi!

Tumevuta meno yote, Rula asubuhi, mimi mchana. Ya A imempa wastani wa kumi na tisa. Hesabu ya kawaida, ya mtu wa kawaida. Ya B: thelathini na moja! Kila kizibo kilipong'oka kwa mlio ule wa "tak", moyo wangu ulijibu. Hata lile jino lenye ufa halikuniangusha.

Profesa alizisoma namba mara mbili. Akavua miwani, akaivaa. Akasema hajaona gundi ikikaa wiki nzima kwenye joto na kutoka na nguvu hivyo. Mkemia aliitwa, akateremka ngazi mbili mbili, akanikumbatia. Mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili amekuwa akiniita "wewe wa chini".

Ijumaa nitazungumza na wageni. Na jambo lingine: kliniki ya chini inaisubiri B. Jumatatu itaanza kutumika kwa wagonjwa kumi na wawili waliokwisha kukubali kujaribu. Profesa mwenyewe kasema.

Rula alikuja kunipa mkono. Alisema hongera, tena bila kinyongo, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kisha akaomba kuona karatasi yangu ya joto, ajifunze. Nikampa. Aliiangalia kidogo. Akarudisha. Akasema kabati langu kuukuu limekuwa tulivu ajabu wiki nzima, hakulisikia likinguruma hata siku moja.

Nikasema nililitia mafuta.

Jumatano, 12 Machi

Nimetoka kazini nimekuta wanawake wanne wamekaa kibarazani kwangu. Wote wamefunika midomo kwa mikono. Mama mkwe yuko katikati, anacheka kwa makusudi ili jino lionekane.

Amewatangazia majirani. Kila alipokwenda kuteka maji, dukani, kwa fundi viatu, amefungua mdomo. Mmoja kaja na jino linalocheza. Mwingine kizibo kimemtoka. Wa tatu hana shida yoyote, alitaka tu daktari amwangalie maana yupo karibu. Wa nne kaja na mumewe, na mumewe kavimba shavu kama kaficha limau.

Nikasema nimesahau chombo muhimu kazini. Nikapitia jikoni, nikatokea nyuma, nikaruka ua. Suruali imechanika. Nimezunguka mtaani mpaka giza lilipoingia. Niliporudi mke wangu alikuwa ameshawaelekeza wote kliniki, na yule wa shavu kampeleka mwenyewe.

Hakunigombeza. Alikuwa anashona suruali yangu. Akaniambia zimebaki siku nne. Nikamuuliza siku nne za nini. Akavuta uzi.

Alhamisi, 13 Machi

Limetoka.

Asubuhi, mezani. Mama alikuwa anakunywa chai. Tukasikia kitu kimegonga kikombe kwa ndani, mlio mdogo, safi. Akatia kijiko, akakitoa. Jino lilikuwa juu ya kijiko kama sukari isiyoyeyuka.

Siku tano. Kinywani, kwenye joto na maji ya kweli, gundi yangu ya thelathini na moja imedumu siku tano.

Nilichukua ile kofia nikaenda nayo dirishani. Sehemu ya ndani ilikuwa laini, imetoka nzima nzima, haijaacha hata alama. Miaka kumi na miwili nimetazama meno yaliyong'oka, najua kusoma. Gundi haikukatika. Imelegea. Maji yameila.

Nikafahamu hapo hapo kilichomo kwenye namba zangu. Hazikuwa uhodari wa B. Zilikuwa ubaridi wa maji.

Mama hakukasirika. Laiti angekasirika. Alifunga jino kwenye leso, akasema vitu vya mkono vina siku yake mbaya, hata yeye mkate humwungulia. Nikajikakamua nikasema ni gundi tu, kuna nyingine. Akafikiri. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Na hao wagonjwa wako wengine uliowapaka gundi hii, mwanangu, umeshawaambia?"

Nikasema bado sijawapaka.

"Alhamdu, basi umewahi," akasema, akamalizia chai yake upande mmoja wa mdomo.

Mchana kutwa sikukaa. Nimetembea maabara nzima. Niliteremka hadi kliniki, nikasoma majina kwenye orodha ya Jumatatu. Kumi na wawili. Mwalimu. Dereva wa lori. Binti anayeolewa mwezi ujao, amezungushia jina lake wino mwekundu ili asisahaulike.

Nimepata mpango. Mzuri, hauumizi mtu. Kesho niwahi, nifungue kompyuta ya mashine, nizishushe namba za B moja moja. Thelathini na moja iwe kumi na tatu. Nitasema nilikosea hesabu. B irudi ghorofani, wagonjwa wapone, na habari za plagi zife kifo chake cha kawaida. Kiti nitakuwa nimekikosa, lakini heshima itabaki.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefika saa kumi na moja na nusu. Rula hakuwepo. Nilikuwa nimefika jino la kumi na saba, nafuta na kuandika, nafuta na kuandika, niliposikia mlango.

Rula. Na Profesa nyuma yake. Na mkemia nyuma ya Profesa, amevaa tai kwa ajili ya wageni.

Rula akauliza ninafanya nini. Nikasema nasafisha kibodi. Akaja akatazama. Nadhani alitegemea kuona namba zimepandishwa. Alizitazama kwa muda, akatoa rula mfukoni, akairudisha. Akamwambia Profesa kwamba haelewi. Huyu anazishusha.

Profesa akasema amefundisha miaka thelathini, amekamata watu wengi wakidanganya ili washinde. Anadanganyaje mtu ili ashindwe?

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Wa kwanza ulikuwa virusi kwenye kompyuta. Wa pili siukumbuki. Nikafungua mdomo kuutoa ule wa tatu, na badala yake kikatoka hiki:

"Kabati halikuwa na joto. Nilichomoa plagi nikapiga pasi shati. Gundi ni mbovu, Profesa. Nimeijaribu kwa mama mkwe wangu na jino limetumbukia kwenye chai."

Mkemia akakaa chini. Si kwenye kiti. Chini.

Niliulizwa mengi. Nimejibu yote, hata ya kalamu mbili. Nilipofika kwenye kiti cha jikoni na tochi, Profesa alifumba macho akaniomba nisimame hapo kidogo, apumue. Kisha akasema maneno ambayo sitayaandika yote. Barua ya onyo ninayo mfukoni. Mgonjwa, hata akiwa mkwe, si jino la ng'ombe. Amesema kweli.

B imeondolewa kliniki kabla saa mbili haijagonga. Majaribio yote ya B yanarudiwa, siku saba nyingine, kwenye kabati jipya, chini ya macho ya Rula. Wageni walipofika, Rula alisimama na kumi na tisa yake. Wakamsikiliza wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Alipomaliza waliuliza kuhusu B. Akasema kuna hitilafu imegunduliwa na fundi mwenzake mwenyewe, mapema, kabla ya mgonjwa yeyote. Akanionyesha kwa mkono. Wageni wakanitazama vizuri. Sijui nimtafsirije mtu huyu.

Saa saba nikampigia mke wangu simu, nikamwambia amlete mama. Nikawapokea mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, yakakimbia yote.

"Mama, mimi si daktari. Sijawahi kuwa. Kazi yangu ni kuvunja meno ya ng'ombe."

Alinitazama. Akamtazama bintiye, ambaye aliangalia dari. Akaniuliza kama ninavunja kwa nyundo.

Nikampandisha juu nikamwonyesha. Nilivaa koti langu, nikaweka jino kwenye mashine, nikamweleza kila hatua. Alisimama karibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba. Mlio ule wa "tak" ulipolia akaruka kidogo. Akaomba nirudie. Nimemvunjia meno manne.

Mwishoni akasema kinachomuuma si ng'ombe. Kinachomuuma ni kwamba miaka tisa amesema mbele za watu jambo lisilokuwepo, na mimi nilikuwa nakaa namsikiliza.

"Ungeniambia, ningesema mkwe wangu anavunja meno ili ya watu yasivunjike," akasema. "Hilo nalo lina ubaya gani?"

Nikazima mashine.

Nikamteremsha kliniki. Daktari ni binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alimsafisha, akamvika jino lake kwa gundi ya zamani, ile iliyothibitishwa, na akamkataza chakula kigumu kwa siku moja. Mama akamwambia kucha zake ni safi.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe ameondoka. Mke wangu alinihesabia: sharti nimelitimiza kukiwa na siku mbili za akiba. Kanipigia pasi shati mwenyewe, mbele na nyuma.

Kabla ya kupanda basi mama aliniuliza awaambie nini watu wa kwao. Nikasema awaambie mimi ni mkaguzi wa madaktari wote wa meno. Mke wangu akanikanyaga mguu. Mama akasema hapana, atawaambia la ng'ombe, ndilo tamu zaidi. Akacheka kwa mdomo wazi mpaka basi likaondoka.

Jumatatu, 24 Machi

Majibu ya B yametoka. Baada ya siku saba kwenye joto la kweli: saba. Wastani wa saba! Kuna meno mawili yaliyojitenga yenyewe yakiwa bado majini, hata hayakufika kwenye mashine. Mkemia amebadilisha kitu fulani kwenye mchanganyiko na anasema sasa amejua palipokuwa na udhaifu. Ananisalimia tena. Ananiita "wewe wa chini", lakini kwa upendo.

Yule binti anayeolewa nilimwona akitoka kliniki. Amezibwa kwa gundi ya zamani. Hanijui. Nikamfungulia mlango.

Rula ndiye msimamizi. Anakikalia kiti kwa adabu, magurudumu hayachezi. Kazi ya kwanza aliyonipa ni mashine ya kusugulia: inapiga mswaki vizibo vipya mara elfu mia moja, usiku na mchana, ili tuone vinaisha kiasi gani. Itachukua wiki tatu. Aliniambia nisiiguse, niiangalie tu na kuandika. Mtu mmoja, kalamu moja, akasema.

Nimetafakari sana mambo yaliyopita. Nimejifunza. Mimi si yule wa mwanzo wa mwezi. Unyofu, subira, kila kitu kwa utaratibu wake. Nimemwambia hivyo mke wangu na akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Lakini wiki tatu! Mashine ile inakwenda kama mtu anayepiga mswaki huku anasinzia. Tatizo ni mota, nimeichunguza. Ikipata mota yenye nguvu mara tatu, kazi ya wiki tatu ni wiki moja, na Rula atashangaa, na Profesa atashangaa, na barua ya onyo itasahaulika. Miswaki itakayosugua ni ile ile. Mizunguko ni ile ile. Haraka haina ubaya wowote kwa kizibo.

Mota nimeipata. Iko kwenye feni kubwa ya mapokezi, saizi yake kabisa. Nimeshaifungua na iko ndani ya begi langu. Dada wa mapokezi amekubali kuniazima.

Yaani atakubali, kesho, akishagundua.